Mwenzi wa Mkataba Akidhulumu

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, twataka katika waraka huu kulijibu suala moja tuliloulizwa safarini, kwani jibu lake lawahusu watu wengi kuliko yule mmoja aliyeuliza.

Nilikuwa Kitale kwa siku chache kwa mwaliko wa ndugu zetu wenye darasa huko. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alikuja kuketi nami mzee mmoja, mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache. Akaniambia: "Sheikh, mwanangu ni askari. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 alipelekwa Goma yeye na wenziwe, nasi tukaambiwa kuwa nchi za Afrika Mashariki zimeahidiana kusaidiana. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 akarudi, alhamdulillahi, hali ya kuwa mzima. Kisha mwezi wa Januari mwaka 2025 mji ule ule ukaanguka mikononi mwa M23. Nasikia watu wakisema kuwa nyuma ya hao M23 ipo nchi iliyomo katika ahadi ile ile. Sasa nataka unambie: mwanangu alikwenda kumsaidia nani, juu ya nani?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe muhula, kwani neno zito halijibiwi kwa pupa. Siku ya pili nikashika njia ya kwenda Bungoma, na suala lake nimo nalo kifuani.

Njia ile hupita Webuye, na juu ya mji wa Webuye kuna kilima kiitwacho Chetambe. Mwenyeji wangu, mtu wa Bungoma, alinionyesha kilima kile kwa kidole akasema: "Hapa ndipo walipokufa wazee wetu." Kisa chenyewe ni cha mwaka 1895. Waingereza walikuwa wameweka kituo chao kwa Mumia, mfalme wa Wanga, mahali ambapo misafara ya watu wetu wa pwani ilikuwa ikitua tangu zamani. Palitokea ugomvi kati yao na Wabukusu juu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, na askari waliotumwa kuzirudisha wakauawa. Basi Mwingereza aliyeitwa Hobley akakusanya jeshi. Wamo humo askari wa Kisudani, wamo Waganda, wamo Wamasai, na wamo watu wa Wanga waliokuwa na uhasama wa zamani na Wabukusu. Jeshi hilo likaipiga ngome ya Lumboka, kisha ngome ya Chetambe. Watu wengi wa Bukusu wakafa, na ng'ombe wakatekwa.

Nataka msomaji atazame vizuri umoja ule wa mwaka 1895. Kila mmoja aliyeingia alikuwa na haja yake. Mwingereza alitaka utiifu, Mumia alitaka nguvu juu ya jirani zake, na wengine walitaka mifugo. Hapana hata mmoja aliyeuliza kama ugomvi ule ni wa haki. Na matunda yake? Mumia alipandishwa daraja, mwaka 1909 akafanywa mkuu wa machifu wa nchi ile, na jamaa zake wakawekwa kuwatawala watu wasiokuwa wao. Lakini chuki iliyoota hapo haikung'oka kwa miaka mingi, na aliyebaki na nchi yote mkononi alikuwa yule mgeni. Mumia alipata cheo, Mwingereza alipata nchi, na Mbukusu alipata makaburi.

Wala tusidhani kuwa hizo ni habari za bara tu, sisi watu wa pwani tukajiona tumesalimika. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama akafanya urafiki na Wareno, kwani alikuwa akishindana na Mombasa. Urafiki ule ulidumu karibu miaka mia, na mwisho wake Wareno wakaitwaa Mombasa, wakaanza kujenga ngome yao mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akaletwa kutawala Mombasa. Watu wakadhani kuwa Malindi imeshinda. Lakini mwaka 1614 Sultan Hasan wa ukoo ule ule aliuawa kwa hila ya Wareno waliokuwa wenziwe. Mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akabatizwa, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme, na mwaka 1631 akawainukia Wareno kwa upanga. Aliyemwita simba amlie jirani yake asistaajabu simba akimgeukia yeye.

Hapa ndipo tulifikie suala lenyewe. Mtu akimwahidi mwenziwe kuwa adui yako ni adui yangu, je, ameahidi kumsaidia hata katika dhulma? Na mwenziwe huyo akimdhulumu mwenzi wa tatu, aliyemo katika ahadi ile ile, atasimama upande gani?

Wako watu wasemao: Ahadi ni ahadi. Ukianza kuchagua siku ya kusaidia na siku ya kukaa kando, hiyo si ahadi tena, ni biashara. Mwenye kuahidi ni lazima atimize, iwe tamu iwe chungu. Neno hili lina nguvu, wala hatuwezi kulipuuza, kwani Qurani imetuamrisha kutimiza mapatano, na Mtume (s.a.w.) alitimiza katika saa iliyokuwa ngumu mno. Katika mwaka wa sita wa Hijra, huko Hudaibiya, alipatana na Makureshi kuwa vita visimame miaka kumi, na kuwa mtu atakayewatoroka Makureshi bila ya idhini ya walii wake atarudishwa kwao. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal akiburura minyororo, akiomba apokewe na Waislamu. Masahaba wakaumia nyoyo zao. Lakini Mtume alimrudisha, akamtaka asubiri, akampa bishara kuwa Mungu atamfungulia njia. Hakusema kuwa sharti hili ni gumu basi tulivunje.

Basi wenye kusema kuwa ahadi hutimizwa wamesema kweli. Lakini tutazame wametimiziwa nini na nani. Mtume alikubali sharti lililomuumiza yeye na watu wake. Hakukubali sharti la kwenda kuwapiga watu wasiokuwa na kosa kwa kuwa mwenziwe wa mkataba amewachukia. Kuna mbali baina ya kubeba uchungu kwa ajili ya ahadi na kuwabebesha wengine uchungu kwa jina la ahadi. La kwanza ni uaminifu. La pili ni ushirika katika dhulma, nayo haiwi halali kwa kutiwa saini.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika hati aliyoandika Mtume alipofika Madina, makabila yaliahidiana kusaidiana juu ya atakayewashambulia, na papo hapo ikaelezwa kuwa hati ile si kinga ya dhalimu wala ya mwenye kosa. Angalia hekima yake: kinga na mpaka wa kinga vimeandikwa mahali pamoja na siku moja. Hawakungoja mpaka mmoja wao adhulumu ndipo wakae kubishana wafanye nini.

Na kabla ya utume kulikuwa na kiapo kilichofungwa Makka katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'ani, naye Mtume alihudhuria akiwa kijana, na baadaye alikuwa akikitaja kwa sifa. Sababu yake ni mgeni mmoja kutoka Zabid katika nchi ya Yaman. Alimuuzia mali yake mkubwa mmoja wa Makka, naye akakataa kumlipa. Yule mgeni hakuwa na jamaa pale wala kabila la kumtetea. Basi baadhi ya koo za Kikureshi zikaapa kuwa zitakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake, awe mwenyeji au awe mgeni. Sasa tujiulize, kiapo kile kilikuwa juu ya adui gani? Hakikuwa juu ya Waajemi wala Warumi. Kilikuwa juu ya dhalimu wa mji wao wenyewe, mtu wa nasaba yao. Hii ndiyo alama ya umoja wa haki: upanga wake hutazama ndani kabla ya kutazama nje.

Mikataba mingi ya majeshi ya zama zetu ina upanga unaotazama nje tu. Mkataba wa Washington wa mwaka 1949, uliozaa NATO, wasema kwa maana yake kuwa mwanachama mmoja akishambuliwa ni kama wote wameshambuliwa. Lakini mwaka 1974, Ugiriki na Uturuki, wanachama wote wawili, zilipokaribia kupigana kwa sababu ya Kupro, kanuni ile haikuwa na la kusema, kwani iliandikwa kwa ajili ya adui wa mbali. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1955 ulikuwa na aibu kubwa zaidi: mwezi wa Agosti mwaka 1968 majeshi yake yaliingia Chekoslovakia, nchi iliyokuwa mwanachama wa mkataba ule ule. Mlinzi akawa ndiye mvunja mlango.

Sasa tuje kwetu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967, nao ulishughulikia biashara, reli, bandari, posta na ndege. Wazee wa Kitale na Bungoma hawajasahau mwezi wa Februari mwaka 1976, Idi Amin aliposema kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa zamani ya Uganda. Ni kweli kuwa Waingereza waliihesabu nchi ile kuwa ya Uganda mpaka mwaka 1902. Lakini kweli ya zamani ikitolewa ili kumtisha jirani huwa ni fitina. Huyo alikuwa mwanachama wa Jumuiya akiwatisha wanachama wenziwe. Mwaka uliofuata Jumuiya ikafa, na mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, Tanzania.

Jumuiya ya pili ilizaliwa kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999. Mkataba huo waeleza misingi yake: kuaminiana, usawa wa dola, ujirani mwema, na kumaliza magomvi kwa amani. Mwaka 2012, Arusha tena, ikatiwa saini itifaki ya ushirikiano katika mambo ya ulinzi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikafunga baina yao mkataba wa kulindana. Mwaka 2022 Kongo ikaingia katika Jumuiya, na mwaka ule ule jeshi la Jumuiya likaanza kupelekwa mashariki ya Kongo: Wakenya, Warundi, Waganda na watu wa Sudani Kusini. Rwanda haikuwamo, kwani Kongo ilikataa.

Ni nini kilichotokea huko? Serikali ya Kinshasa ilielewa kuwa jeshi lile limekuja kuwapiga M23. Wenye jeshi wakaelewa kuwa wamekuja kusimama kati na kusimamia kuondoka kwao katika miji waliyoitwaa. Kila mmoja aliisoma ahadi kwa miwani yake. Raia wakalalamika, serikali ikalalamika, na mwezi wa Desemba mwaka 2023 Kongo ikakataa kuongeza muda na jeshi likaondoka. Goma ilipoanguka Januari mwaka 2025, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuandika kuwa askari wa Rwanda wapigana pamoja na M23. Rwanda imekana, ikasema kuwa yajilinda na kundi la FDLR lililoko Kongo. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama likaitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake, na likalaani pia msaada wa majeshi ya Kongo kwa FDLR. Basi wenzi wawili wa Jumuiya moja, kila mmoja amshitaki mwenziwe, na nyasi zikaumia, kama wasemavyo wazee juu ya fahali wawili.

Mtu aweza kusema kuwa ila iko katika kanuni, kwani maamuzi ya wakuu wa Jumuiya hufanywa kwa kukubaliana wote, na mwenye kosa hawezi kukubali ahukumiwe. Lakini tukiusoma mkataba wa mwaka 1999 twaona kuwa walioandika hawakuwa wajinga. Kifungu cha 146 chawapa wakuu uwezo wa kumsimamisha mwanachama asiyeifuata misingi ya Jumuiya, na cha 147 chawapa uwezo wa kumtoa. Na kifungu cha 148 chasema kwa maana yake kuwa katika mambo hayo mawili rai ya mwenye kushitakiwa haihesabiwi. Basi mlango ulijengwa, na ufunguo ukatengenezwa. Kilichokosekana ni mkono wa kuutia ufunguo katika kufuli.

Na kwa nini mkono ukosekane? Kwa sababu kila mmoja ana lake la kuficha. Huyu aogopa kuwa akimshitaki jirani leo, kesho atashitakiwa yeye. Yule ana biashara. Mwingine ana askari wake katika nchi ile ile kwa haja yake. Tazama kuwa hii ndiyo hali ya jeshi la mwaka 1895 chini ya Chetambe: kila mmoja ameingia kwa haja yake. Kanuni nzuri mikononi mwa watu wenye haja zao ni kama msahafu katika kabati la mtu asiyeufungua. Umo nyumbani, lakini haumwongozi.

Kwa hiyo twasema kuwa mkataba wa kusaidiana wahitaji mambo matatu, na likikosekana moja umeharibika. La kwanza, uelezwe wazi: twasaidiana katika lipi, na mpaka wake ni upi. La pili, uandikwe tangu siku ya kwanza kuwa si kinga ya dhalimu, hata akiwa ni mmoja wetu. La tatu, nalo ndilo gumu, wawepo watu walio tayari kumwambia mwenzi wao: hapa umekosa, nasi hatutakufuata. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ndugu husaidiwa akidhulumiwa na husaidiwa akidhulumu, na msaada wa ndugu anayedhulumu ni kumzuia asidhulumu. Huu ndio utimizaji wa ahadi ulio mkubwa kuliko wote, kwani wamwokoa mwenzio na moto anaouwasha mwenyewe.

Wala hatusemi kuwa kumzuia ni kumpiga kwanza. Qurani yataka wawili wanaopigana wapatanishwe kwa uadilifu, na nguvu itumike juu ya yule anayekiuka baada ya suluhu, nayo isimame pale anaporejea katika haki. Mpatanishi asiyethubutu kumtaja mwenye kosa hapatanishi. Yeye huahirisha vita tu.

Nilirudi Kitale baada ya siku mbili, nikamwendea yule mzee nyumbani kwake. Nikamwambia: "Mzee wangu, mwanao hakwenda kumpiga mtu kwa ajili ya ng'ombe. Alisimama njiani ili raia wapite, na alilofanya kwa nia njema halipotei kwa Mola wake. Ama ahadi iliyompeleka, ilikuwa haijaelezwa wazi, na wenye kuiandika wana jukumu lao." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na sisi tusioandika mikataba, jukumu letu ni lipi?"

Hilo, ndugu zangu, ndilo suala lililo kubwa kuliko la kwanza. Kwani sisi pia tuna mikataba yetu, ijapokuwa haikutiwa saini Arusha. Tuna ukoo, tuna mtaa, tuna kabila, tuna chama. Watu wa Trans Nzoia wayajua haya: baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, jirani walimfukuza jirani katika shamba lake, na wengi waliofukuza hawakuwa na ugomvi wowote naye. Walikuwa wametimiza, kwa fikira zao, wajibu wa kuwa pamoja na watu wao. Na hapa kwetu pwani, ni mara ngapi tumemficha mwenye kula mali ya yatima kwa kuwa ni wa ukoo wetu? Ni mara ngapi tumemtetea kijana aliyempiga mkewe kwa kuwa baba yake ni rafiki yetu? Kisha twawalaumu wakuu wa dola kwa kutosema kweli mbele ya wenzao.

Wakuu wa dola hawakutoka mbinguni. Walilelewa katika nyumba kama zetu, wakafundishwa huko utotoni kuwa wetu ni wetu, hata akikosa. Atakayefundisha nyumbani kwake kuwa wetu akikosa huzuiwa, huyo ameandika kifungu cha kwanza cha mkataba ulio bora. Nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kusema kweli mbele ya tunaowapenda, na awape amani watu wa Goma. Amin.